Changuu bila jela: tathmini ya ziara, na mzani wa karantini

Ukisimama ufukweni pembeni ya Forodhani, Unguja mjini, asubuhi, si muda kijana wa boti atakuuliza kama unakwenda Kisiwa cha Jela, yaani Changuu. Jina hilo ndilo linalouza safari, na ndilo linalopotosha. Lile jengo lenye nondo ambalo kila mgeni hulipiga picha lilijengwa liwe jela kweli, lakini halikupata kuweka mfungwa. Waliowekwa ndani yake walikuwa wasafiri. Walishushwa melini, hata wale wasiokuwa na homa wala maumivu, wakaambiwa wangoje siku zao zitimie ndipo waendelee na safari.

Kwa jicho hilo ndilo tunaloitathmini ziara hii. Tangu 2020 hakuna baraza Unguja wala Pemba isiyobishana juu ya nani ana haki ya kumzuia mtu asisafiri, kwa siku ngapi, na kwa gharama ya nani. Ubishi huo kwa kawaida huishia hewani, maana kila mmoja anashika neno lake, huyu "uhuru" na yule "afya". Changuu kina faida ya kuwa mahali pa mawe na chokaa ambapo jambo lenyewe lilifanyika, likarudiwa mwaka hadi mwaka, na matokeo yake unaweza kuyapima. Nenda. Ila usiende kwa ajili ya kobe peke yao.

Kwanza safari yenyewe. Changuu kipo kaskazini-magharibi ya Mji Mkongwe, kiasi cha kilomita 5 na nusu, na boti ya mashine hufika kwa dakika 20 hadi 30. Kisiwa ni chembamba, urefu wake kama mita 800 na upana mita 230 pale kilipopanuka zaidi, kwa hiyo saa mbili na nusu zinatosha kuzunguka, kuliona jengo na kuogelea. Bei ya boti ni ya kupatana. Patana kwa boti nzima, si kwa kichwa, na kabla hujapandisha mguu hakikisha mambo matatu yamesemwa wazi: kwamba ni kwenda na kurudi, kwamba nahodha atakungoja mpaka saa ngapi, na kama kiingilio cha kisiwani kimo ndani ya bei au utalipa mwenyewe ukifika. Hilo la tatu ndilo linaloleta maneno wakati wa kurudi. Jaketi la kujiokolea livae, usilikalie.

Kinachoharibu siku ya watu wengi ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na kupwa kwenyewe huangukia saa nne hadi saa tano asubuhi, saa ileile ambayo wageni wamemaliza kunywa chai na wanashuka ufukweni. Boti haiwezi kusogea, unashushwa mbali, unatembea juu ya mwamba wenye mwani unaoteleza na viumbe wa miiba. Ndara huvuka, aliyevaa viatu vinavyofungwa nyuma ya kisigino ndiye anayefika na nyayo zake nzima. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, saa nne asubuhi maji yamejaa na boti inaingia bila taabu. Kwa hiyo tazama mwezi kwanza, saa baadaye. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, toka mapema na urudi kabla ya alasiri, maana upepo ukizidi utarudi umerowa mpaka begani. Kaskazi bahari ni ya kirafiki zaidi upande huu. Na hiyo kaskazi tutairudia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikijaza vyumba vya karantini.

Kobe tuwapitie upesi. Wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli, ni wa jamii ya Aldabra, na walizaana mpaka wakawa wengi kabla ya wizi kuwapunguza. Kufika 1996 walikuwa wamebaki 7 tu, ikabidi waletewe wadogo wapya na kujengewa ua. Umri umeandikwa kwa rangi juu ya magamba yao. Walishe majani, wakune shingoni kama wenyewe wamenyoosha shingo, na usimpandishe mtoto juu ya gamba kwa ajili ya picha. Ni wanyama wa kupendeza na dakika 40 zinawatosha.

Tatizo ni kwamba ziara nyingi hutumia muda karibu wote hapo, kisha jengo likapewa dakika 5 za mwisho wakati nahodha ameshaanza kupiga mluzi. Mwongozaji husema "hii ilikuwa jela", wageni hushika nondo na kukunja uso kwenye kamera, na watu huondoka na habari ambayo si ya kweli.

Habari ya kweli ni hii. Kabla ya Waingereza, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliopewa na Sultani, wakikitumia kuwafungia watumwa waliokaidi kabla ya kuuzwa au kusafirishwa. Mwaka 1893 kikanunuliwa na Lloyd Mathews, Muingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, na ujenzi wa jela ukaanza. Jengo halijamalizika, hofu ikahamia kwingine. Bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkubwa wa Afrika Mashariki, meli zikiingia kutoka kila upande, na kilichoogopwa ni homa ya manjano kushuka na abiria. Basi jela ikageuzwa kituo cha karantini kwa maeneo yote yaliyokuwa chini ya Waingereza Afrika Mashariki. Msafiri aliyetiliwa shaka alishushwa kisiwani akaangaliwa kwa wiki moja hadi mbili. Kituo kilikuwa na watu majira ya meli tu, Disemba hadi Machi, yaani kaskazi. Miezi mingine watu wa mjini walikwenda huko kupumzika. Mwaka 1923 kisiwa kilipewa jina rasmi la Kibandiko, lakini halikushika, wenyewe tuliendelea na Changuu, jina la samaki.

Simama uani, katikati ya jengo, mchana jua likiwa juu. Kuta ni nene, joto linakaa ndani. Toka mlangoni utembee hatua chache mpaka pwani ya kusini, mji wote uko mbele yako. Aliyekuwa na jamaa zake mtaa wa Malindi aliweza kuona paa za nyumba zao na asiweze kwenda. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba karantini, hata ikiwa ya haki, ni kifungo cha mtu asiye na kosa. Anayeitetea bila kukubali hilo hajaifikiria vya kutosha.

Watu huchanganya mambo mawili ambayo kwa mtu wa afya ni tofauti kabisa. Kumtenga mgonjwa ni kumweka mbali yule ambaye tayari anaumwa, akitibiwa. Karantini ni kumzuia mtu mzima wa afya kwa sababu huenda ameambukizwa na dalili hazijatoka. Mgonjwa haumizwi sana na kutengwa kwani hana nguvu ya kutembea. Huyu wa pili ndiye anayepoteza: ana kazi, ana watoto, ana harusi ya nduguye, na mwili wake haumwambii kwamba kuna kitu. Mzani wote wa uhuru na afya uko juu yake.

Neno karantini limetoka Venice, kwenye siku 40 ambazo meli zilingoja kabla ya kushusha. Dubrovnik iliwatangulia mwaka 1377 kwa siku 30. Siku hizo hazikutokana na kujua ugonjwa, zilitokana na desturi na dini. Lakini kwetu hesabu ya arubaini si ngeni. Mzazi aliyejifungua hukaa ndani siku 40, akakandwa, akapikiwa uji wa pilipili manga, na mashoga zake wakaja wao kwake. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hakuna anayesema kwamba mwanamke huyo amefungwa jela, na sababu ni rahisi kuiona ukitazama desturi yenyewe: siku zinajulikana tangu ya kwanza, sababu anaijua na kuikubali, kuna mtu anayemletea chakula, na siku ya mwisho ikifika hakuna wa kumwongezea hata moja. Ukiondoa chochote katika hivyo, eda itageuka dhuluma.

Kwa maoni yetu hicho ndicho kipimo bora kuliko hotuba yoyote juu ya uhuru. Karantini inakubalika ikiwa siku zimepimwa kwa ugonjwa wenyewe, ikiwa anayezuiwa ameelezwa, ikiwa analishwa na kutunzwa, na ikiwa mlango unafunguka siku iliyosemwa.

Tuipime Changuu yenyewe. Dalili za homa ya manjano hutoka siku 3 hadi 6 baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye virusi. Ndiyo maana Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, zinazotumika tangu Juni 2007, zimeweka siku 6 tu. Wiki moja ya Changuu ilikuwa karibu na haki. Wiki mbili zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zinazohitajika. Wakati kituo kinaanza hakuna aliyekuwa na uhakika ugonjwa unapitaje. Daktari Carlos Finlay wa Cuba alikuwa amesema tangu 1881 kwamba ni mbu, akapuuzwa, mpaka 1900 tume ya jeshi la Marekani chini ya Walter Reed ilipothibitisha. Kwa hiyo katika miaka ile ya mwanzo ukuta na bahari vilifanya kazi ambayo chandarua kingefanya vizuri zaidi. Mbu huyu, Aedes aegypti, huuma mchana na huzaa katika maji masafi yaliyotuama: mapipa, vifuu vya nazi, matairi. Ukiwaweka wasafiri pamoja mahali penye mapipa ya maji wazi, unaweza kuwaambukiza wewe mwenyewe. Mbu huyohuyo ndiye anayetuletea homa ya dengue leo, na bado vifuu vimejaa nyuma ya nyumba zetu. Muulize mwongozaji maji ya kituo yalihifadhiwa wapi. Hilo ndilo swali la kitaalamu la kisiwa kile.

Sasa tuje kwenye yale ambayo wengi wetu tumeyaona. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 tarehe 16 Machi 2020, na Zanzibar ikatangaza wake tarehe 19. Siku chache baadaye ikaja amri ya siku 14 kwa wanaoingia kutoka nchi zilizoathirika, kwa gharama zao wenyewe, mpaka ilipoondolewa mwezi wa Mei. Kwa hesabu ya siku, amri ile ilikuwa sawa: dalili za ugonjwa ule zilichukua siku 2 hadi 14 kutoka, na mtu aliweza kuambukiza wengine kabla hajahisi chochote. Hapo ndipo kipimajoto cha bandarini kilipokosa nguvu. Kipimajoto kinakamata homa, hakikamati maambukizi. Na anayemeza panado saa mbili kabla ya kushuka anapita akiwa mkavu. Wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2003, mtu aliambukiza zaidi akiwa ameshaumwa, kwa hiyo kumkamata mwenye homa kulisaidia. Kifaa kilekile, ugonjwa mwingine, matokeo mengine.

Kasoro kubwa ya siku zile 14 ilikuwa kwenye gharama. Kifungu cha 40 cha Kanuni za Kimataifa kinasema msafiri asitozwe kwa karantini anayowekwa chini ya kanuni hizo, isipokuwa yule anayekuja kuomba ukaazi. Nchi nyingi, tajiri na masikini, zilitoza hata hivyo. Fikiria mgonjwa wa moyo anayerudi kutoka India kwa matibabu. Ameshauza shamba la mikarafuu ili aende, na sasa anaambiwa alipie hoteli wiki mbili. Mwenye pesa anaiona karantini kama likizo yenye kero, asiye nazo anatafuta njia ya panya. Na akipita njia ya panya hakuna anayemfuatilia, afya ya jamii imepoteza pia. Kumlipia chumba na sahani ya wali ni rahisi kuliko kumtafuta shehia kwa shehia.

Cheti cha kipimo cha Covid-19 kilichofanywa ndani ya saa 72 kabla ya safari, kilichokuja baadaye, kilikuwa na udhaifu wake. Sampuli inasema ulivyokuwa siku ilipochukuliwa. Anayeambukizwa jana yake bado anaonekana salama, na anayeambukizwa uwanjani akingoja ndege cheti chake hakijui. Kipimo cha kabla ya safari kinapunguza idadi ya wanaoingia na ugonjwa, hakiifanyi iwe sifuri. Kuongeza kipimo siku ya tano baada ya kufika kungeziba pengo kubwa kuliko kuongeza foleni mlangoni. Lakini mgeni wa siku saba Nungwi hawezi kukaa chumbani siku tano, na hapo ndipo uchumi ulipoingia kwenye mzani. Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni 538,000 mwaka 2019, na mwaka 2020 wakashuka hadi karibu 260,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna muuza urojo, mshona kofia, dereva wa gari ya shamba. Hao nao wana haki ya kutajwa tunapozungumza gharama za kufunga mlango.

Wapo waliosema dawa ni kuacha milango wazi na kunyamaza. Tanzania iliacha kutoa takwimu mwishoni mwa Aprili 2020, na kwa zaidi ya mwaka hakuna aliyejua hesabu. Hapo uhuru haukuongezeka. Mwezi wa Januari 2021 Uingereza ilizuia wasafiri kutoka Tanzania, na Februari Oman ikafanya hivyohivyo kwa nchi 10, yetu ikiwemo. Kwa Mzanzibari, Oman si nchi ya mbali. Ni kwa shangazi, ni kazini, ni mahali pa mume. Nchi isiyohesabu wagonjwa wake huhesabiwa na wengine, na wao hupima kwa woga wao, si kwa haki yetu. Uhuru wa kusafiri una pande mbili, kutoka na kupokelewa, na wa pili haumo mikononi mwetu tusipokuwa wakweli.

Katiba ya Muungano ya mwaka 1977 imempa raia uhuru wa kwenda atakako katika ibara ya 17, na ibara ya 30 imeruhusu sheria kuubana kwa ajili ya afya ya jamii. Watu husoma moja wakaiacha nyingine. Na kwa Waislamu wa visiwa hivi mjadala una umri mrefu zaidi. Sayyidna Omar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham (Syria) akafika Sargh, aliambiwa tauni imeingia huko. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Omar lilikuwa kwamba wanaikimbia kadari kwenda kadari nyingine, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume: ikisikika tauni katika nchi msiiingie, na ikiwakuta humo msitoke kuikimbia. Tazama kwamba agizo linawabana wote wawili, aliye nje na aliye ndani. Anayeona karantini ni jambo la kuletewa na Wazungu arudi kwenye kisa hicho.

Si kila ugonjwa unaostahili karantini, na hapa ndipo serikali nyingi hukosea kwa woga. Kipindupindu kimeua watu wengi mno Unguja, janga la 1869 na 1870 likiwa baya kuliko mengine. Ukiwafungia wasafiri kwa kipindupindu hufaidiki sana, kwa sababu wengi wanaobeba vijidudu hawaumwi kabisa, na ugonjwa unapita kwenye maji na mikono, si kwa kukaa karibu. Klorini kisimani, choo, maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, na chanjo ya kunywa kama ile iliyotolewa visiwani mwaka 2009, hivyo ndivyo vinavyokata mnyororo. Homa ya Marburg ni kinyume chake. Ilipotokea Kagera mwaka 2023, na tena 2025, waliofuatiliwa ni wale waliomgusa mgonjwa au maiti, kwa siku 21 ambazo ndizo mwisho wa ugonjwa kujitokeza. Nchi haikufungwa. Kumzuia mtu anayejulikana kwa jina, kwa sababu inayojulikana, ni bora mara mia kuliko kuzuia meli nzima ya Pemba.

Kinachobaki leo cha ule ukaguzi wa Changuu ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kwa kuwa bado watu hukwama nayo uwanja wa ndege wa Kisauni na bandarini Malindi, tueleze kwa ukamilifu. Hudaiwa msafiri anayetoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya, Uganda na Ethiopia zikiwemo, na hata aliyepita tu ikiwa alikaa uwanja wa ndege wa nchi hizo zaidi ya saa 12. Anayetoka Dar es Salaam hadaiwi. Mtoto chini ya mwaka mmoja hadaiwi. Sindano ni moja, nusu mililita, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, kwa hiyo anayekwambia kadi yako ya mwaka 2009 imekwisha amekosea; mwonyeshe kwa upole kwamba kanuni ilibadilika. Kinachoshindwa mara nyingi ni hesabu ya siku: cheti huanza kuwa halali siku ya 10 baada ya sindano. Anayechanjwa Nairobi Jumatatu akaruka Alhamisi hana cheti halali, ana alama ya sindano tu.

Kosa la pili ni maandishi. Jina liwe sawasawa na la pasipoti, sahihi ya daktari iwe ya mkono, mhuri wa kituo rasmi usomeke, na namba ya toleo la chanjo ijazwe. Ikikosekana moja, ofisa wa afya ana haki ya kuikataa. Akikuzuia, kanuni zinasema kuzuiwa kwako kusizidi siku 6 tangu ulipotoka mahali pa hatari, au mpaka cheti kiwe halali, lipi litangulie. Hesabu siku zako na uziseme, kwani ni haki yako. Mtoto wa chini ya miezi 6, mwenye mzio mkali wa mayai au kinga dhaifu sana asichanjwe, aandikiwe na daktari barua ya msamaha katika kijitabu kilekile. Aliyezidi miaka 60 aonane na daktari kwanza. Na yule anayenunua kadi bila sindano ajue kwamba mbu hasomi mihuri.

Turudi kisiwani kwa alama zetu. Safari ya boti, bahari na kobe: 4 kati ya 5, na inayopungua ni kwa ajili ya maji kupwa ambayo wauzaji hawamwambii mgeni. Jengo: 5, kwa uzito wa kilichopita pale. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida: 2. Inafaa sana kwa skuli, kuanzia darasa la saba hivi, kama mwalimu ataandaa somo kabla ya kuvuka. Haifai kwa mtu anayepata taabu kutembea juu ya mwamba, ila akichagua siku ya maji mafu asubuhi.

Ukienda, mwambie nahodha tangu Forodhani kwamba unaanza na jengo, kobe baadaye. Kaa uani robo saa. Kisha muulize mwongozaji maswali haya: waliowekwa hapa walikuwa wagonjwa au wazima, walikaa siku ngapi, nani aliwalisha, na nani aliamua siku ya kuwaachia. Asipojua, mwambie wewe. Akibeba maneno hayo kwa kundi linalofuata, ziara itakuwa imepanda thamani bila nauli kuongezeka.